Maji ya Kona ya Pili

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili 1993

Zenon kaniamsha kwa kikombe cha maji baridi shingoni, kama kila Jumatatu ya Pasaka tangu tuoane. Nikamwambia mwaka huu namwacha kweli. Akasema hata mwaka jana nilisema hivyo hivyo, akaenda kuchemsha kahawa huku akicheka peke yake.

Mchana alikuja Hubert, baba yake Sławek, huyo atakayemwoa binti yetu Jagoda. Ni mgane, mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Mrefu, mkavu, mdomo mkali. Anatoka Kobielin, mwendo wa nusu saa kwa basi, na mtu wa huku kwetu Rawno akisema Kobielin husema kama anatema mbegu. Aliingia sebuleni kwangu na skafu ya timu yao shingoni, kijani na nyeupe, mbele ya mwanakondoo wangu wa Pasaka niliyemchonga kwa siagi na mayai niliyoyapaka rangi siku mbili.

"Mkwe, hiyo skafu vipi? Unaumwa koo?" Zenon akamuuliza.

"Siumwi, mkwe. Najikinga na hewa ya Rawno tu."

Wakacheka wote wawili, mimi sikucheka. Tulikubaliana harusi iwe Jumamosi tarehe 4 Septemba. Zenon ndiye aliyechagua. Yeye ndiye mtunza njia ya uwanja wetu, na mbio za pikipiki za ligi ni Jumapili, kwa hiyo Jumamosi yuko huru. Hubert alikula soseji sita na hakusifu hata moja.

Jumapili, 18 Aprili

Mbio za kwanza uwanjani kwetu. Tumeshinda. Suruali ya Zenon nimeifua mara mbili na maji bado meusi.

Jumapili, 9 Mei

Hakuna mbio wiki hii. Mvua ya jana imeosha ukingo wa jukwaa la upande wa kanisa, nami nimeokota kipande cha sahani chenye ua la bluu. Kila mvua kubwa hutoa kitu. Baada ya vita baba yake Zenon na majirani walisomba kwa matoroli vifusi vya nyumba zilizobomolewa, wakarundika, wakapanda majani juu, ndipo watu wakapata pa kukaa. Njia yenyewe waliitandika kwa jivu gumu la makaa kutoka kiwanda cha sukari. Kwa hiyo sisi tukishangilia tunakaa juu ya jikoni la mtu. Mimi naona ni vizuri hivyo.

Baba mkwe aliitunza njia ile mpaka alipokufa, kisha Zenon akachukua reki. Ubingwa tuliwahi kuupata mara moja, mwaka 1968, na bado kuna wazee wanaousimulia kama wa wiki iliyopita. Tangu hapo kazi yetu ni kung'ang'ania tusishuke daraja.

Jumapili, 30 Mei

Tumefungwa ugenini. Zenon hakula.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeshona suti ya ngozi ya mwendeshaji wetu mmoja aliyeburuzwa ukutani, kisha kwa cherehani hiyo hiyo nikaanza gauni la Jagoda. Nilisahau kubadili sindano. Nimepiga kelele mpaka Jagoda akakimbia kutoka bafuni na povu kichwani. Kitambaa hakikuharibika, namshukuru Mungu.

Jumapili, 20 Juni

Hubert alikuja kutazama mbio zetu na timu ya kaskazini. Kabla hazijaanza aliinama pale kona ya kwanza, akachukua udongo kidogo, akaufinya, akaunusa.

"Uji," akasema.

"Uji gani, mkwe?" Zenon akamjia juu. "Hii ndiyo njia ya mbio. Tairi linauma, mtu anasukuma, anashindana. Nyinyi kwenu mnakimbia juu ya meza."

"Mezani watu wanakula kistaarabu. Uji ni wa wagonjwa."

Huo ndio ugomvi wa miji hii miwili, sijui tangu lini. Vijana wetu wanapenda njia yenye maji, laini, iliyo nzito. Wao wanapenda njia ngumu, kavu, ya kuteleza. Kila mwenye uwanja huitengeneza njia imfae yeye na imchukize mgeni, na mtunza njia akijua kazi yake ameshashinda nusu ya mbio kabla pikipiki hazijawashwa. Zenon anajua kazi yake. Kinachonikera kwa Hubert ni kwamba anainama na kunusa njia ya mume wangu kama mtu anayekagua samaki sokoni. Jagoda anasema nimzoee. Nitamzoea akizikwa.

Jumamosi, 10 Julai

Kesho Kobielin wanakuja kwetu. Mji mzima umevaa bluu, hata mbwa wa mwoka mikate. Mwaka huu timu zote mbili ziko mkiani na kila mtu anajua kwamba mmoja wetu atashuka.

Zenon anamwaga maji tangu asubuhi. Nilimpelekea chakula uwanjani nikakuta trekta na tangi lake vinazunguka, na Gienek, msaidizi wake, amekaa juu ya tairi anatikisa kichwa.

"Shemeji, mwambie. Redio imesema kesho kutakuwa na manyunyu."

Nikamwambia. Akanijibu kwamba manyunyu ya redio hayajawahi kulowesha hata kitambaa cha pua, na kwamba kesho anataka watu wa Kobielin waogelee. Gienek akasema tangi la tatu linatosha. Zenon akamwagiza lijazwe la tano.

Jumapili, 11 Julai

Sina budi kuandika yote, ingawa ningependa kulala.

Saa sita na robo wingu dogo lilipita juu ya kanisa. Dogo kweli, ningeweza kulifunika kwa shuka. Likanyesha kwa muda wa kunywa chai, likaenda zake, jua likatoka. Mwaka mwingine wowote njia ingeyanywa maji yale ikaomba mengine. Lakini yetu ilikuwa imeshashiba tangu jana. Yakakaa juu. Kona ya pili ikang'aa kama sinia.

Watu elfu nane walikuwa wamekaa. Watu wa Kobielin walijaza jukwaa la mbali na ngoma yao kubwa. Mwamuzi akatoka na viatu vyake vya jijini kwenda kukagua. Kona ya kwanza alitembea kwa shida. Kona ya pili akanyanyua mguu, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi nyeupe hewani, na Gienek akakimbia kumchomolea kiatu kwa koleo. Uwanja wote ulicheka. Kisha kipaza sauti kikasema mbio zimeahirishwa, na hakuna aliyecheka tena.

Wakaanza kupiga miluzi, watu wetu wenyewe. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Zenon, leta boti!" Nilimtafuta kwa macho mume wangu. Alikuwa amesimama kando ya njia, reki mkononi, anatazama chini. Nimeishi naye miaka ishirini na saba na sijawahi kumwona mdogo vile.

Hubert alipita karibu yetu wakati wa kutoka. Nilijiandaa kwa ulimi wake. Akamtazama Zenon, akasema tu, "Wingu lenyewe lilikuwa la kijinga, mkwe," akaenda kupanda basi. Hata hilo lilinikera, maana nilishaandaa jibu.

Alhamisi, 15 Julai

Siku mpya imepangwa. Vijana wao wawili wanakimbia ligi ya Uswidi katikati ya wiki, Jumapili zote zimejaa, viongozi wamekaa, wamevuta sigara, wamekubaliana. Jumamosi tarehe 4 Septemba, saa kumi na nusu.

Misa ya harusi ni saa kumi. Ukumbi umelipiwa, mpishi amepatikana, Padri Klemens ana harusi mbili nyingine siku hiyo. Haisogei.

Zenon alinisomea tarehe ile gazetini mara tatu, kama vile itabadilika. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa mikono yake.

Jumapili, 18 Julai

Jagoda na Sławek walikuja kula. Zenon alisubiri supu iishe.

"Nimefikiri, binti yangu. Nitakuwepo kwenye baraka hapa nyumbani. Kisha nikimbie uwanjani, na jioni nitakuja ukumbini nicheze mpaka viatu vipasuke. Ni hiyo saa moja ya kanisani tu."

"Ni hiyo saa moja ninayoolewa, baba."

"Tukifungwa tunashuka daraja. Na kosa ni langu. Watu wanajua ni langu."

"Gienek je?"

"Gienek!" Zenon akasema, na kwa namna alivyosema ungedhani ametajiwa kuku.

Jagoda hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikunja kitambaa chake cha mezani vizuri, akasema, "Basi kaa na njia yako, baba. Mimi nitakuwa kanisani, upande wa pili wa barabara, kama utataka kujua," akamwambia Sławek waondoke. Keki hawakuigusa.

Nimempa Zenon maneno yake usiku huu. Nimekasirika, na namhurumia, na vyote viwili vinanichosha.

Jumapili, 1 Agosti

Jagoda hakuja kula.

Jumapili, 15 Agosti

Nimepeleka maua na mitishamba kanisani kubarikiwa. Jagoda amekuja kupima gauni Zenon akiwa uwanjani, na nadhani alichagua saa hiyo makusudi. Linamkaa vizuri mno. Aliuliza baba yake anaendeleaje, nikamwambia aende akamuulize. Akasema atafikiri.

Jioni Hubert alileta ndoo ya plamu za shambani kwake. Nilimtazama akizipanga, laini juu, ngumu chini. Akaniambia marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akizichuma.

"Kanisani nitakaa peke yangu benchi la mbele," akasema. "Sławek anataka niite dada yangu akae nami. Nimekataa. Ile nafasi ni ya mtu."

Nikammiminia chai.

Jumapili, 29 Agosti

Joto. Tumeshinda ugenini kwa mara ya kwanza mwaka huu! Hesabu sasa ni nyepesi hata kwangu: Jumamosi atakayefungwa anashuka.

Zenon anamfundisha Gienek kumwaga maji, anamtukana, anamfundisha tena. Tangu Julai Gienek anaogopa tangi kama nyoka, anamwaga kwa kijiko. Nilimuuliza Zenon kwa nini anamfundisha, kama mwenyewe atakuwepo. Akasema mtu hufundisha watu.

Ijumaa, 3 Septemba

Jioni watu walikuja kuvunja chupa na vyombo mlangoni kwetu, kama ilivyo desturi, kumtakia bibi harusi heri. Hubert alileta kreti zima la chupa za Kobielin na akazivunja kwa raha mno. Sławek alifagia, Jagoda alishika beleshi. Zenon alisimama dirishani. Sijui kesho itakuwaje.

Jumamosi, 4 Septemba

Alikwenda uwanjani alfajiri. Sikumuuliza, nilikuwa nimeshamaliza kuuliza.

Saa nane watu walijaa sebuleni. Jagoda na Sławek walipiga magoti juu ya mito. Mama mmoja akanong'ona, "Baba yuko wapi?" Ndipo mlango ukafunguka akaingia, suti mwilini, nywele zimelowa, kucha nyeusi vilevile. Akawabariki. Alipomchorea Jagoda msalaba kwenye paji la uso alimwachia alama ya jivu, na nilipotaka kuipaka poda Jagoda akanishika mkono. "Iache, mama."

Nilijua sasa ataaga. Tukatoka, magari yakajipanga, naye akafungua mlango wa gari letu akaingia, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Njia umemwachia nani?"

"Gienek."

"Gienek!"

"Usilirudie hilo jina, Ludmiła, nisije nikabadili mawazo."

Nilifurahi hata nikasahau pochi nyumbani.

Padri Klemens aliacha milango wazi kwa ajili ya joto. Upepo mkavu ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Sisi tulikaa benchi la mbele kushoto, Hubert kulia, peke yake, na nafasi moja tupu kando yake. Watoto wakaapiana vizuri, Jagoda kwa sauti kubwa, Sławek kwa sauti ya mtu anayepelekwa jela. Walipokuwa wanavishana pete, ng'ambo ya barabara pikipiki nne zikanguruma kwa pamoja.

Zenon alifumba macho. Miaka thelathini ya injini imemla masikio, ukimwita chumba cha pili hasikii, lakini pikipiki ikitoka kwenye kona anasikia mpaka tairi. Njia nzito huifanya injini ikorome. Hii haikukoroma, ilipiga yowe.

"Kona ya pili imekauka," akaninong'oneza. Mnong'ono wa Zenon husikika sakristia. "Anamwaga maji kama padri anayenyunyizia kaburi! Afungue bomba lote, ndani mpaka nje!"

Padri Klemens alisita katikati ya sala. Hubert aligeuka akatutazama.

Raundi ya pili, yowe. Ya tatu, yowe, na ngoma ya Kobielin juu yake. Ya nne, ngoma tena, ndefu. Najua utaratibu kama ajuavyo yeye: baada ya raundi ya nne trekta huingia, ndipo maji humwagwa, na ukipitwa hapo njia huipati tena. Zenon alishika ukingo wa benchi mpaka vidole vikawa vyeupe, akanyanyuka nusu.

"Zenon, kaa."

"Ludmiła, tunashuka."

Nilimshika pindo la koti. Niseme kweli: nilikuwa namshika kwa vidole viwili tu, na kama angevuta ningemwachia. Mtu nimemlilia msimu mzima aje, na sasa nilimwonea huruma. Jagoda alikuwa mbele yetu, mgongo umenyooka, na nilijua anasikia kila kitu. Zenon aliutazama ule mgongo. Akakaa.

Watu wakainuka kwenda kukomunika. Niliporudi kwenye benchi Zenon alikuwepo, anatokwa jasho. Hubert hakuwepo.

Amekwenda kushangilia, nikawaza. Mwanawe yuko altareni na yeye ameifuata ngoma. Nilisali sala ya mwisho kwa hasira ambayo Mungu anisamehe. Alirudi wakati wa baraka, anahema, viatu vyeusi mpaka kwenye kamba. Nilimpa jicho la kugandisha maziwa.

Matokeo tuliletewa ukumbini, kabla ya supu. Arobaini na sita kwa arobaini na nne, sisi. Baada ya raundi nne tulikuwa tumeachwa pointi nane, kisha vijana wetu wakaanza kupita mmoja mmoja. Zenon alikaa chini akalia mbele ya wageni wote, Jagoda akamkumbatia, na gauni likapata makamasi. Kobielin wameshuka. Hubert alimpa Zenon mkono, akanywa glasi yake yote, akacheza na kila shangazi yangu. Mimi sikucheza naye.

Jumapili, 5 Septemba

Leo walikuja wote kumalizia chakula. Zenon alimsubiri Gienek getini akambeba juujuu, mtu mzima wa miaka arobaini.

"Umeisikia njia mwenyewe! Bila mimi! Ulijuaje kona ya pili?"

Gienek akawa mwekundu, akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji, siwezi kula keki hii. Sikujua kitu. Nilikuwa nimefunga bomba kabisa, naogopa nisirudie ya Julai. Akaja huyu baba wa bwana harusi na ua lake kifuani, akaniambia, 'Zenon anasema unamwaga maji kama padri anayenyunyizia kaburi. Fungua lote, kona ya pili, ndani mpaka nje.' Nikasema huyu ni wa Kobielin, ni mtego. Halafu nikafikiri, matusi kama hayo yanatoka kwa Zenon tu. Nikafungua."

Nilikaa juu ya gunia la viazi.

Hubert nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, anavuta sigara. Nilimwambia najua. Hakujifanya haelewi.

"Alikuwa anainuka," akasema. "Nilimwona. Mimi upande wangu nafasi moja tayari ilikuwa tupu, mkwe. Sikutaka watoto wageuke wakute mbili."

"Lakini mmeshuka."

"Tumeshuka mara tatu tangu vita. Ile ngazi tunaijua." Akazima sigara. "Ukimwambia Zenon, nahamia Ujerumani. Na Kobielin wakijua, nitahamishwa."

Nilimbusu kwenye shavu, tena kwa nguvu, mpaka akashtuka.

Mezani Zenon hakumwachia nafasi ya kupumua. Vijana wa Kobielin waliogelea, akasema. Watu wa Kobielin hawajui njia, hawana masikio, wana ngoma tu. Hubert alikula soseji akiitikia kwa kichwa. Mwishoni Zenon, amechangamka kwa kinywaji na furaha, akamwekea mkono begani.

"Njoo msimu ujao, mkwe, nikufundishe kuisikiliza njia. Si vigumu. Mtu akae kimya tu, atege sikio."

"Nitakuja, mkwe," Hubert akasema. "Nifundishe."

Niliinuka nikasema chai imechemka, ingawa sikuwa hata nimebandika maji.